Biskwi ya Honorine

Makomeno, Lubumbashi
6 mwezi wa kumi 2024

Tata yangu mupenzi,

Jambo sana. Mulilala namna gani huko Lukafu? Goti yenu ya kushoto iko inasumbua bado, ao ile dawa yenye nilituma ilisaidia? Miye niko muzuri, ni joto tu njo inatuchoma, mvula inachelewa. Mumusalimie Chance, mumuambie mama mukubwa yake anamukumbuka.

Tata, mukae kwanza kwa kiti. Ile mafunzo yenye nilikuwa nalomba tangu mwaka jana, balikubali. Tulishaanza, na nafundisha bamwalimu, ba infirmière ya hospitali na bapolisi ya commune Annexe. Mutoto akipata hatari, nyumba ikiungua, muzazi akikufa, muntu wa kwanza kufika pale afanye nini? Mu Français banaiita premiers secours psychologiques. Miye nabaambia ni kushika moyo ya mutoto mbele ya kuanguka.

Siku ya kwanza tulifanya muchezo. Infirmière mumoja alijifanya mutoto mwenye mama yake alikufa, bengine bakuye mumoja mumoja kumusaidia. Tata, bantu ya masomo mukubwa, bako na diplome, bote balianza vilevile: "Nyamaza, usilie." Kisha: "Mama alienda safari, atakuya." Tulicheka mupaka machozi. Nikabauliza: mutoto mwenye anangojea muntu mwenye hatakuya, atangojea mupaka wapi? Pale Guelor, polisi mumoja munene, akanyoosha mukono. Akasema: "Madame, na kwenu mu famille, munafanyaka namna gani?"

Nilichukua glasi ya maji nikakunywa yote, nikasema tupumzike.

Juu munajua. Ndogo yangu Honorine tulimuzika mwezi wa saba, na Chance, mutoto yake, hajui. Tulimutuma kwenu mbele ya kilio, tukamuambia mama alibaki kutafuta kazi. Kila mara Chomba anafika na pikipiki na mizigo, munamupatia Chance paketi ya biskwi, munasema: "Mama alituma." Na biskwi, ni miye njo nanunua. Tata, nalomba tumuambie mutoto ukweli. Nangojea jibu kwa Chomba.

Mutoto yenu,
Claudine

Lukafu
13 mwezi wa kumi 2024

Claudine mutoto yangu,

Jambo yako. Goti iko palepale. Dawa yako inanuka sana, kusaidia haisaidie. Mihindi bado kupanda, tunangojea mvula sawa ninyi. Chance anakula kidogo, anaenda ku masomo, hasemi mingi.

Kwa mafunzo, nilifurahi kabisa. Hapa Lukafu hakuna muntu mwenye hajasikia kama mutoto ya Musonda anafundisha bapolisi. Nilimuambia hata Katongo, munungwe yangu. Akajibu: "Tangu lini mbuzi anafundisha bantu?" Sisi ni ukoo wa mbuzi, ye wa chui, unajua vile banungwe banatukanana bila kukosana, hata mu kilio. Siku ya kumuzika Honorine, ni huyu mwanamuke njo alinichekesha nikakula bukari ya mihindi.

Lakini ile ingine, hapana. Kwetu mutoto hasikiake kifo. Unamuambia mutoto mudogo vile "mama yako alikufa", kisha unamupatia nini ya kushika? Muache akomae. Ukweli haiozake. Ufundishe bapolisi yako, miye usinifundishe, nilikufundisha weye kusoma.

Utume biskwi, ile ya coco. Ile ingine inavunjika mu njia.

Tata yako,
Musonda

Makomeno
20 mwezi wa kumi 2024

Tata,

Jambo yenu na ya Chance. Naomba hii barua iwakute na nguvu. Chomba anawaletea dawa ingine, yenye hainuke, na sabuni na sukari.

Biskwi hapana. Siwezi kusimama asubuhi mbele ya bantu nasema "musidanganye mutoto", mangaribi naenda ku duka kununua biskwi ya marehemu. Mukitaka kunikasirikia, mukasirike. Miye nawapenda vilevile.

Mutoto yenu mwenye kichwa nguvu, na munajua alitoa wapi,
Claudine

Makomeno
17 mwezi wa kumi na moja 2024

Tata yangu,

Jambo. Mukoaje? Chomba anarudi kila mara mikono tupu, ananiambia tu "muzee iko". Sawa. Lakini hii lazima musikie, hata kama munafunga masikio.

Juzi mvula ilikuya na upepo, ikatoa malata juu ya nyumba ya masomo moja ya Annexe, saa batoto beko ndani. Ukuta ukaanguka. Hakuna mutoto alikufa, Mungu asifiwe, lakini mwalimu mumoja balimubeba na damu mbele ya macho yabo. Batoto bakakimbilia mu mashamba ya mihogo, bengine bakajificha, bengine bakasimama tu na hawalie.

Nilifika nakimbia, nikakuta bantu yangu bananitangulia. Bote, Tata. Infirmière alikuwa anatembea mu mihogo anaita kila mutoto kwa jina, polepole, bila kelele. Bamwalimu balitandika maturubai, banapatia batoto maji na nguo kavu, banauliza: nani anakuchungaka, iko wapi? Na Guelor, ile munene, alitoa kofia ya polisi akakaa mu matope ili akuwe murefu sawa mutoto. Kasichana kamoja kakamuuliza: "Mwalimu yetu alikufa?" Hakusema "hapana, nyamaza". Alisema: "Sijui. Nitauliza, kisha nitarudi kukuambia." Akaenda kweli, akauliza, akarudi, akakaa tena mu matope: "Iko muzima. Mukono ulivunjika." Kale katoto kakapumua, kakaanza kulia, kakalia juu ya bega yake mupaka mama yake akafika.

Jua ikizama, kila mutoto alikuwa mu mikono ya bantu yake. Bakubwa ya masomo balikuya kuona, bakasema sasa mafunzo itaenda mu commune zote. Balinipigia makofi mule mu matope, na miye nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Tulishinda, Tata. Nilitaka muone.

Mutoto moja tu njo bado, na iko kwenu.

Mutoto yenu,
Claudine

Lukafu
24 mwezi wa kumi na moja 2024

Claudine,

Leo sisalimie murefu. Barua yako niliisoma mara mingi. Ile polisi umusalimie sana.

Asubuhi niliona sisimizi zinapanga mustari, zinaingia chini ya kitanda ya Chance. Nikainama na hii goti. Nikakuta mufuko, ndani biskwi. Zote, Claudine. Kila paketi yenye nilimupatia tangu mwezi wa saba, hakufungua hata moja.

Nikamuuliza. Akasema: "Nkambo, ni ya kumurudishia Mama. Nilipoteza kiatu yake ile ya kwenda kanisa, moja ya mukono wa kuume. Njo alikasirika, anatuma biskwi lakini ye mwenyewe hakuyi. Nikimurudishia yote, atakuya."

Nilitoka inje, nikasimama nyuma ya nyumba, nikalia sawa mutoto. Miye nilifikiri namuchunga. Kumbe tangu mwezi wa saba mutoto analipa kosa yenye haiko.

Ukuye useme weye. Ao uniandikie maneno. Na umri yangu yote sijui muntu anaanzia wapi.

Tata yako

Makomeno
27 mwezi wa kumi na moja 2024

Tata yangu mupenzi,

Pole. Pole sana. Nilisoma barua yenu nikaketi chini, Chomba mwenyewe aliniletea maji.

Kukuya siwezi, mvula ilibeba daraja, ni pikipiki tu zinapita na bantu banazibeba ku mabega. Lakini hata njia ingekuwa muzuri ningesema ni ninyi. Mukono wenye anashikaka kila asubuhi ni yenu.

Mukae chini, murefu sawa ye. Museme "alikufa". Musiseme "alilala", juu ataogopa kulala. Musiseme "Mungu alimuchukua", juu ataogopa Mungu. Museme mama aligonjwa sana, docteur balijaribu, mwili ukashindwa. Kisha mumuambie mbele hata hajauliza: si juu ya kiatu, si juu yake hata kidogo. Akilia, musimuambie anyamaze. Akienda kucheza, musishangae, batoto banaingia mu huzuni na kutoka sawa mu maji. Kesho akiuliza tena, mujibu tena vilevile. Na mukilia mbele yake, hakuna ubaya.

Mukitaka, Katongo akuwe karibu. Lakini asiseme ye.

Hii njo yote nafundishaka, Tata. Haipite pale.

Mutoto yenu,
Claudine

Lukafu
1 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mutoto yangu,

Jambo yako, jambo na ya Guelor.

Tulifanya. Nilimuita Katongo, juu, nikuambie ukweli, nilitaka aseme ye. Munungwe njo anasemaka yenye mwenye kufiwa hawezi. Akakuya, akakaa ku mukeka, akaanza vile anaanzaka: "Weye mbuzi muzee..." Kisha akamuangalia Chance, mudomo ukabaki wazi. Mara ya kwanza mu maisha yake kukosa matusi. Akanishika mukono tu.

Basi nikasema miye. "Chance, mama yako alikufa." Goti ilikuwa inawaka moto kwa kukaa vile, na nikasema yote, docteur, mwili, yote.

Akauliza: "Ni juu ya kiatu?"

Nikasema hapana. Kiatu ni kiatu. Mama yako alikupenda na kiatu, alikupenda bila kiatu.

Pale akalia. Claudine, ile neno "nyamaza" ilifika mu meno nikaimeza. Ikarudi tena, nikaimeza tena. Alilia mu mapaja yangu, Katongo analia, na miye, kuku zinatuangalia. Kisha akauliza juu ya nini hatukumupeleka ku kuzika. Nikasema: tulikosea, tulikuogopea. Akawaza, akasema: "Nitaenda kuona pale." Nikasema saison sèche, njia ikikauka, tutaenda sisi wote.

Mangaribi akaomba bukari. Akakula yote, na sombe ya majani ya mihogo, akaomba tena. Biskwi zenye sisimizi ziliingia tukapatia kuku. Leo asubuhi aliniuliza tena kama mama atakuya, nikajibu tena vilevile, akatoka kuruka kamba. Nilimusikia anacheka, nikasimama pale pa mulango sijui nifanye nini na furaha.

Ukweli haiozake, nilikuambia. Ni biskwi njo inaoza. Sasa ulete hiyo mafunzo hapa, nilishaongea na bamwalimu yote. Chumba iko, viti iko, Katongo atapika.

Tata yako,
Musonda

Lukafu
9 mwezi wa tatu 2025

Claudine mutoto yangu,

Jambo sana. Ulifika muzuri? Tangu ulitufundisha hapa ukaenda, bamwalimu banafanya muchezo yako kila siku ya posho, mwisho ya juma, bananilazimisha miye kukuwa mutoto. Katongo anasema sura inanifaa. Goti inaendelea muzuri, usiulize tena.

Juma hii baba ya Élie, ule mutoto mwenye anakaa kiti moja na Chance ku masomo, alikufa. Tulienda ku kilio. Bamama balikuwa banafunga mizigo ya Élie, apelekwe kwa shangazi mbele ya kuzika, banamuambia baba alienda kutibiwa. Nikabaita bazee pembeni nikabaeleza. Balibisha, na miye nilikuwa najua vile banasikia, maneno yabo ilikuwa maneno yangu. Mwisho mama yake akasema: "Sawa, muzee, tumuambie. Lakini mbele yangu." Nikabaki kidogo napanga maneno mu kichwa, kisha nikaenda kumutafuta mutoto.

Nikakuta mama yake ananitangulia, alishasema, iko anamushika. Na Chance iko ku mukeka pembeni yabo. Hakuna muntu alimutuma. Élie alikuwa anajikaza, macho mekundu, vile tunafundishaka batoto wanaume. Chance akamuambia: "Unaweza kulia. Miye sitaenda." Élie akaanza.

Kisha Chance akatoa biskwi mu mufuko ya robe yake, akavunja, akamupatia kipande. Akasema, bantu yote tunasikia: "Hii si baba yako alituma. Ni Nkambo yangu njo alinunua ku duka."

Nilipita nyuma ya nyumba kidogo, unanijua.

Utume ingine, ile ya coco, mingi. Na umuambie Chomba akifika, aseme ni mama mukubwa Claudine njo alituma.

Tata yako,
Musonda