Tufani ya Lindi na Migomba ya Mzee Ndesanjo

Ijumaa, 18 Aprili 1952
Sifael amerudi toka mjini na habari ya kutisha. Redio ya duka la Mhindi imesema tufani imeipiga Lindi Jumanne — mabati yameruka, minazi imelala, watu wamekufa. Masikini watu wa Lindi! Kisha akaongeza ya kwake, kama kawaida: eti upepo huo unapanda kuja huku Meru. Tangu serikali iwafukuze ndugu zetu Engare Nanyuki mwaka jana kupisha walowezi, hapa watu wanaamini kila baya. Baba yake, Mzee Ndesanjo, ameshatangaza: Jumatatu anakata migomba yote isije ikaangukia kahawa.

Migomba yote! Na harusi yangu na Tabea, binti wa Mzee, ni tarehe 10 Mei. Wageni watakula nini, majani ya kahawa? Na ndizi za pombe (mchungaji asione hapa) zikikosekana, wazee wataisogeza mpaka mwakani. Nimengoja miaka mitatu. Singoji tena.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimekwenda kwa Mzee. Shikamoo, marahaba, maziwa, vizuri. Nikamweleza: tufani naijua, ilitukamata melini nilipokuwa askari wa Keya, tukivuka toka Seloni kwenda vitani Bama, siku mbili tunatapika. Huzaliwa baharini, kwenye maji yenye joto. Haiwezi kufika huku. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dereva," akasema, maana huniita kwa kazi yangu, "mwaka juzi upepo uling'oa paa la Lomayani kule Nduruma. Nduruma kuna bahari gani?"

Nikaomba maziwa mengine. Mimi! Sifael akacheka mpaka akapaliwa na maziwa. Nimerudi nyumbani nimefura.

Jumapili, 20 Aprili
Baada ya ibada nimezungumza na Tabea nyuma ya kanisa, shangazi yake akitulinda kwa jicho moja. Nikalalamika weee. Yeye akauliza tu: huo wa Nduruma ulikaa muda gani? Hata dakika kumi hazikufika, nikajibu. Na migomba ya jirani? Ilibaki imesimama!

"Basi ni aina mbili za upepo," akasema, "na wewe umemweleza moja."

Kichwa changu kilikuwa wapi? Tufani ni pana kama kutoka hapa mpaka ng'ambo ya Kilimanjaro, na inakaa siku kadhaa. Inakula mvuke wa bahari kama moto unavyokula kuni. Ikipanda nchi kavu, kuni zimekwisha. Katikati yake kuna utulivu — melini tulidhani imepita, tukaimba, ikarudi. Ule wa Nduruma ni mwingine kabisa. Wingu la radi, hewa ya joto inapanda, ya baridi inashuka, zinasokotana, mkia unateremka mpaka chini. Hauhitaji bahari. Lakini ni mwembamba kama barabara, na umepita kabla hujamaliza Baba Yetu. Kwa kuwa pepo zote mbili huzunguka, watu wanadhani ni upepo mmoja.

Nitamuoa mwanamke mwenye akili kuliko mimi. Sawa tu, nafurahi.

Jumatatu, 21 Aprili
Kwa Mzee nimekuta migomba mitatu imeshakatwa. Nikasimama mbele ya wa nne. Nikamwambia Mzee: ule mpana umekufa njiani kwa njaa. Ule mwembamba ukija utachukua mstari mmoja tu, kama ulivyomwachia jirani wa Lomayani shamba lake. Ya nini kukata shamba zima? Akalifuta panga kwa jani la mgomba. Atangoja mpaka Jumatano jioni, akasema. Upepo ukija, harusi mwakani. Nimekubali! Tumepeana mkono.

Jumatano, 23 Aprili
Nimeshinda! Sifael katoka mjini: redio inasema tufani ya Lindi ilishafia nchi kavu, ikabaki mvua. Kaniambia huku anatazama chini. Kina mama wameanza kukata mikungu ya kuivisha kwa harusi. Nimeipita njia nzima ya Akheri nikipiga mluzi.

Alasiri. Naandika nimesimama, chini ya upenu wa Mzee. Wingu jeusi juu ya Nduruma, na mkia unaning'inia. Majirani wamejaa uani. Hawaangalii wingu, wananiangalia mimi. Naogopa, lakini nimewaambia: ni ule mwembamba, msikate. Sifael akamletea baba yake panga. Mzee akamwambia alirudishe ndani.

"Mwanangu," akaniita — si dereva! — "huo mkia unakwenda kulia au kushoto?"

Sioni ukienda upande wowote. Yaani umesimama, au unakuja huku. Nimemwambia hivyo hivyo, kweli tupu. Mzee amebeba kiti chake, amekiweka katikati ya migomba, amekaa: mwenye panga aanze na yeye. Ananiita nikakae naye.