Mwalimu Joakim Mihayo: Mvua Yako Imefika Nkololo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuacha ukiwa na penseli sikioni. Hata wauguzi walishindwa kukunyang'anya.

Sisi tuliokulia nyumbani kwako Bariadi tunajua. Wenzako walitundika kalenda ukutani, wewe ulitundika picha alizochora Mama. Ulikaa mbele ya picha moja hata wiki mbili, ukila viazi vilivyopoa, ukiandika muziki wa fidla, selo na filimbi. Watu walikuuliza, "Mwalimu, okestra huku Usukumani?" Ulicheka tu. Leo vijana kumi na mmoja uliowafundisha bure kwenye ukumbi wa parokia wakipiga, ukumbi wote unanyamaza.

Wengi hawakujua unamtungia nani. Ulimtungia kaka yako, Baba mkubwa Mabula wa Nkololo, aliyepofuka kabla hajaona picha hata moja aliyochora Mama. Ulisema, "Macho yakigoma, ataona kwa masikio." Naye hakukuonea haya! Ile picha ya mvua inayokuja juu ya mashamba uliitungia muziki mara mbili, na mara mbili akakukatalia: "Joakim, hiyo si mvua. Hao ni mbuzi juu ya bati." Ulirudi nyumbani umenuna, ukachonga penseli, ukaanza upya.

Ya tatu uliimaliza wiki ile ile uliyofariki. Hakuwahi kuisikia. Mwaka mzima tuliogopa: akiikataa na hii, nani ataandika ya nne?

Jumamosi iliyopita, baada ya misa, tuliipiga uani kwake, kando ya pamba iliyoanikwa, binti yako Violeth akiongoza. Juni hii, angani hakuna wingu hata la dawa. Fidla zilipoanza kudondosha matone, Baba mkubwa aligeuza uso. Akanyoosha kiganja. Mara akasimama akifoka, "Nyie watoto, mmekaa tu? Pamba iko nje! Anueni!"

Na sisi, Baba, watu wazima na akili zetu, tulikimbia tukaianua. Mama alicheka mpaka akalia. Tulijivuna siku ile, acha tu!

Unakumbukwa na mkeo Domitila, kaka yako Mabula, wanao Violeth na Salu, wajukuu, shemeji zako wa Binza na okestra yako yote.

Baba mkubwa hakubali kwamba alidanganyika. Anasema tu, kwa mvua ile, pamba isingepona. Kamwe hatutakusahau, Baba. Asante, wabeja sana.