Si Yeye Aliyeniletea

Shinyanga mjini

Dada yangu Mama Kulwa, shikamoo.

Kadi hii nimeitia kwenye bahasha, maana karani wa posta husoma kila kitu. Mvua hapa haikatiki, na hospitalini simjui mtu. Leo mama wa maabara alidondosha dawa kwenye ule uchafu unaonitoka ukeni, akaunusa bila kukunja uso. Kisha akahesabu vijidudu kwenye hadubini, akanipisha nami nione.

"Si kisonono," alisema. "Ni vijidudu vya mwilini mwako mwenyewe, vimezidi. Unajiosha ndani kwa sabuni?"

"Kila siku. Nilidhani ni mume wangu."

"Masikini baba wa watu, umemsingizia bure."

Sikumwambia kuwa ni marehemu. Wewe unajua alivyolala sebuleni mpaka akafa, kwa kuwa niliamini ameniletea ugonjwa kutoka machimboni Mwakitolyo. Kila asubuhi aliniwekea uji mlangoni.

Nimepewa vidonge vya siku saba. Wewe uko hapo Didia, karibu na kaburi lake. Nenda, dada, umwambie kwa Kisukuma, taratibu, kwamba hakunikosea.

Nimewakumbuka sana wewe na watoto. Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Mama Maria