Siku Niliyoifuta Ramani

Jumamosi jioni, Rau

Shajara yangu, leo nimekukimbilia kabla ya kuoga, kabla hata ya kuonja chai. Asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya kuvaa sweta mbili, mawingu yamekaa chini hadi kwenye migomba. Sasa jua limetoka kwa kuchelewa, linazama, na nina furaha ya kijinga. Nimecheka peke yangu njiani mpaka muuza karanga akaniuliza kama niko salama.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianza na mwisho nitalia.

Unajua hali yangu. Tangu niache kazi ya mshahara nimekuwa nikitengeneza kitu kimoja tu: mfumo wa kuwasaidia wenye biashara ndogo za ufundi kusimamia huduma zao. Mteja anapiga simu kwamba mashine imeharibika, ombi linaingia, fundi anatumwa, kazi inafungwa. Basi. Mifumo ya namna hiyo ipo, ya wakubwa, inalipiwa kwa dola kila mwezi, na ina vitufe ambavyo nadhani hata aliyeviweka hajawahi kuvibonyeza vyote. Mimi nilitaka kitu ambacho mama mwenye karakana anaweza kukitumia huku mkono mmoja umeshika mwiko.

Tatizo ni kwamba changu nacho kilianza kunenepa. Nilikuwa naongeza hiki, naongeza kile, kila nilichokiona kwa wakubwa nikakitaka. Bei nayo ikanenepa.

Mteja wangu wa kwanza huku mlimani ni Mama Elisia wa Masama. Karakana yake iko pale chini, barabara inapoacha lami na kuanza kupanda. Anatengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe, pampu za maji na matangi ya kupozea maziwa. Mafundi wake ni wawili, Godlisten na Kundaeli, kila mmoja na pikipiki yake. Alikubali kuujaribu mfumo wangu bila kulipa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kusema ndiyo au hapana.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kuna kampuni Dar inaningoja. Kazi nzuri, kiti kizuri, kiyoyozi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba Mama Elisia akisema hapana, Jumatatu nafunga virago, nakwenda. Kama yeye, mwenye subira ile, mfumo wangu umemshinda, nani atauweza?

Nilifika mapema, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, mbona umekonda?" akaniambia, kama anavyoniambia kila siku hata nikiwa nimejaa mashavu. Kisha akatoa sharti lake. Leo hatagusa simu. Mfumo uchague fundi wenyewe na kumtuma wenyewe, yeye atakaa kwenye kigoda na kuuma ulimi.

"Umesema unajiendesha. Haya, mimi leo ni abiria tu," akasema, akakunja mikono.

Ombi la kwanza liliingia kabla chai haijapoa. Kituo cha kukusanyia maziwa kule juu: tangi la kupozea limegoma. Kina mama wengine wameshamimina maziwa yao ya asubuhi, wengine bado wako kwenye foleni na madumu, na gari la kiwanda linapita mchana. Maziwa yakishapata joto gari haliyachukui, yanamwagwa. Na kwa hao kina mama ng'ombe ndiye ada ya shule, ndiye sabuni, ndiye sadaka ya Jumapili.

Mfumo ukafanya kile nilichoufundisha. Ukaitazama ramani, ukaona Godlisten yuko karibu kabisa, nukta yake ya kijani karibu igusane na nukta ya kituo. Ukamtuma. Nikajipongeza kimoyomoyo, nadhani hata nilitabasamu.

Halafu nukta ya Godlisten ikaanza kushuka.

Kushuka! Kituo kiko pale pembeni yake, na yeye huyo anakwenda zake chini. Nikasema ni mtandao. Nikaizima simu, nikaiwasha. Nukta inazidi kushuka. Nikampigia. Akasimamisha pikipiki, akapokea akihema.

"Dada, hicho kituo nakiona! Kina mama wananipungia mikono kabisa! Ila kuna korongo hapa katikati, na mimi sina mabawa!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa sababu mimi ni wa Masama, Shajara. Nimezaliwa kwenye migomba hiyo hiyo. Nyumbani tulikuwa tunaiona nyumba ya shangazi ng'ambo ya korongo, tunaona hata nguo alizoanika. Tukimwita kwa sauti anaitika. Lakini kwenda kumsalimia ilikuwa safari ya kuvalia viatu vya kanisani, maana barabara zetu hupanda na kushuka tu, hazivuki. Ukitaka kwenda kwa jirani wa ng'ambo na pikipiki, unashuka mpaka lami, halafu unaanza kupanda upya. Mtoto yeyote wa huku anajua hilo. Nami nikaketi Rau, mjini, mbele ya kompyuta nikatengeneza mfumo unaomfaa mwewe.

Nikamtafuta Kundaeli kwenye kioo cha simu. Ramani inasema yuko mbali. Kumbe yuko kwenye barabara ile ile ya kituo, chini yake, ni kupanda tu moja kwa moja.

Ningeweza kunyamaza. Godlisten angefika, amechelewa, na mimi ningeisingizia barabara. Mama Elisia hakuwa ameiona simu yangu, alikuwa anatazama mlango. Wazo hilo lilinijia, sitakuficha, likakaa kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikawafikiria wale kina mama na madumu yao.

"Mama," nikasema, "mfumo umeshindwa. Mpigie Kundaeli."

Sijawahi kumwambia mteja sentensi ngumu kama hiyo.

Alinyoosha mkono, akachukua simu yake, akaongea Kichagga cha haraka haraka, akaiweka mezani. Tukakaa. Hakuna aliyegusa chai. Nilikuwa nakiona kile kiti cha Dar kinanisogelea, na sikukipenda hata kidogo. Baada ya muda ulionizeesha, Kundaeli akapiga. Feni ya tangi ilikuwa imeziba kwa vumbi na majani makavu, ameisafisha, inazunguka, maziwa yamepona. Nyuma ya sauti yake nikasikia vigelegele. Vigelegele, kwa ajili ya feni!

Mimi nikaanza kukunja waya za kompyuta yangu.

"Unakwenda wapi? Mtu haondoki kwangu na njaa," akasema Mama Elisia.

Akanipakulia mtori wa ndizi na nyama, bakuli limejaa mpaka ukingoni. Nikala nimeinamisha uso, nikimweleza habari ya ramani na korongo. Akaniacha nile kidogo, halafu akaanza kunitania. Kwamba ukoo wetu ukisikia nimesahau korongo watanifuta jina. Kwamba mara nyingine nimnunulie Godlisten helikopta. Alicheka mpaka akashika mbavu, na sijui ilikuwaje, na mimi nikacheka, mtori ukanipalia, ikabidi anipige mgongoni.

Kisha akauliza swali la biashara, uso mkavu: hiyo ramani naipata bure?

Hapana. Ndicho kitu ghali kuliko vyote. Kila nukta inayosogea pale kuna kampuni ya nje ninailipa, fundi akipata kazi asipate. Ndiyo iliyoifanya bei niliyompangia imtoe jasho. Ndiyo inayokula bando la mafundi na kuigandisha simu yake ya zamani. Nimeihangaikia ramani ile miezi na miezi, nikiamini kwamba bila ramani hakuna atakayeuona mfumo wangu kuwa ni wa kisasa.

Na haikuwa na kazi.

Nililisema kwa sauti. "Mama, haina kazi."

"Sasa unaibembeleza ya nini?" akajibu, akaenda zake kuosha vyombo.

Nikaifuta. Pale pale uani, kompyuta mapajani, kuku wananizunguka miguuni. Mahali pake nikaweka swali moja: kwako tunapandia barabara ipi? Chini yake vitufe vya juu, kati na chini. Majina ya barabara nikayaandika kama watu wenyewe wanavyoyataja: ya kanisani, ya sokoni, ya daraja bovu. Mteja anajibu, fundi naye anabonyeza barabara aliyopo, na mfumo sasa haumtafuti fundi aliye karibu, unamtafuta aliye kwenye barabara hiyo hiyo. Nilidhani nitaumia kuifuta kazi ya mikono yangu, lakini nilijisikia kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi kichwani.

Nilipoonja utamu wa kufuta sikuacha. Ile michoro ya rangi rangi ya mwisho wa mwezi, ambayo Mama Elisia alikuwa ananiuliza ni mapambo ya nini, nayo ikaondoka.

Mchana likaingia ombi jingine. Mashine ya majani imekata mkanda, barabara ya kanisani, juu. Simu ya Mama Elisia ikaita mara moja, ikanyamaza, haikuganda. Mfumo ulikuwa umemchagua Godlisten, ambaye tayari alikuwa barabara hiyo. Haukupita muda mrefu akatutumia ujumbe wa sauti.

"Dada, safari hii umenituma mahali penye njia. Mungu akubariki sana."

Mama Elisia akafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza bei mpya. Nikamtajia. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Hiyo nalipa," akasema. "Na nisingeona aibu ningekuomba unipunguzie tena."

Akaongeza kwamba ana mdogo wake kule Kahe, anatengeneza pampu za umwagiliaji, naye alikimbia ule mfumo wa dola. Atamwambia anitafute. Nikageukia mlango wa karakana nikajifuta macho kwa mkono wa sweta. Akajifanya hanioni.

Lakini hakuniacha hivi hivi. Akasema kina mama wa kituoni nimewakosea, wamekaa roho juu asubuhi nzima kwa sababu yangu, na kosa la hivyo haliombewi radhi kwa ujumbe wa simu. Akatoka, akakata jani la sale kwenye ua, akanikabidhi. Kwetu mtu akikujia na sale mkononi huwezi kumnyima msamaha, hata awe amekufanyia nini. Nilidhani bado ananitania. Hakuwa anatania.

Basi nikapanda na Kundaeli, aliyekuwa amesharudi, kwenye pikipiki yake, mkono mmoja kwenye koti lake, mwingine na jani langu. Gari la kiwanda lilikuwa limeshapakia na kuondoka, lakini kina mama wenyewe walikuwapo bado, wanaosha madumu. Waliponiona na sale wakaangua kicheko, mmoja akauliza nimemwibia nani mume. Nikawaeleza, kwa aibu, habari ya ramani na korongo. Wakacheka zaidi. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akajikausha mikono, akalipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Tumekusamehe, mwanetu," akasema. "Na tumesikia kwamba ni wewe uliyesema apigiwe Kundaeli."

Wakanipa kikombe cha maziwa waliyobakiza ndani ya lile tangi. Yalikuwa baridi mpaka meno yakaniuma. Nimekunywa vitu vingi maishani, Shajara, lakini sijawahi kunywa kitu nikajisikia nimerudi nyumbani namna ile.

Nimeshawaandikia wale wa Dar. Nilianza barua ndefu ya heshima, nikaeleza hili na lile, nikaona inanenepa, nikafuta. Yaliyobaki ni haya: "Nawashukuru sana kwa nafasi. Nimeamua kubaki." Nimeituma.

Jumatatu nateremka Kahe. Kule ni tambarare, hakuna korongo, hakuna juu wala chini, ni mifereji na mashamba hadi macho yachoke. Sijui watu wake wanaelekezana vipi. Kompyuta nitaiacha hapa Rau, nitakwenda kuwauliza.