Herufi Tatu Zilizotuna

Mwanjelwa, Mbeya
4 Machi 2024

Shangazi yangu Verediana,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi cha mvua kimeniacha na kazi ya fotokopi inakwenda. Vipi wewe? Cherehani haikusumbui? Sare za watoto wa shule umemaliza? Baba anakusalimu, anasema alikupigia simu mara kibao hukupokea, kama kawaida yako. Ndiyo maana naandika. Na hili lenyewe si la kusemea kwenye simu, watu wote dukani wakitega masikio.

Shangazi, usigombe kwanza. Mwaka jana, baada ya arobaini ya mama, nilichora tatuu mkononi, upande wa ndani chini ya kiwiko. Jina lake, TUPOKIGWE, na ua jekundu juu yake. Baba hajui. Navaa mikono mirefu, na kwa baridi ya huku hakuna anayeuliza.

Sasa kuna jambo linanishangaza. Kidonda kilishapona, magamba yakatoka, ngozi ikatulia. Lakini lile ua limetuna mpaka leo na linawasha. Na kwenye jina, T mpaka I zimelala, nikipitisha kidole sizihisi kabisa. G, W na E zimesimama. Nikifumba macho nazisoma! Mkono ni mmoja, siku ni moja, fundi ni yule yule Anania wa hapa sokoni. Kwa nini? Binti ninayepanga naye anasema ni mama ananiita. Nilicheka, ila usiku ule sikuzima taa.

Wewe uko jirani na hospitali, na kwa kudodosa watu hujambo. Niulizie.

Ni mimi mwanao,
Sekela


Tosamaganga, Iringa
19 Machi 2024

Kamwene, Sekela mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama, Mungu ametusaidia. Asubuhi ukungu, jioni magoti yanalalamika, mengine yote mazuri. Unakula, au unaishi kwa chipsi?

Barua yako nimeisoma jikoni, nikakugombeza hapo hapo kwa sauti mpaka kuku wakatoka nje. Mkono kakupa Mungu bila hata kovu, wewe unakwenda kumwomba mtu aukwaruze! Haya, nimekwisha kugomba. Tuongee, maana swali lako limeninyima raha.

Nimeanza kukagua watu. Anza na alama ya chanjo begani. Yangu na ya baba yako zimetuna kama kunde. Ya jirani yangu imebonyea kama mtu kachovya kidole kwenye ugali. Kwaya nzima nimewapandisha mikono ya blauzi, sasa wananikimbia. Nikaenda Iringa mjini kununua vitambaa kwa mzee Isihaka. Ana chale mbili kifuani, alichanjwa utotoni alipougua degedege. Nikamwomba afungue kifungo nione. Mkewe Mwanakhamisi akanitolea macho: "Verediana, leo umefuata kitambaa au mume?" Tulicheka mpaka wateja wakatushangaa.

Lakini sikia. Chale ya kulia imelala, ya kushoto imetuna. Wembe mmoja, mchanjaji mmoja. Anasema ile ya kushoto ilirudiwa, kwa sababu alijitikisa. Je, fundi wako alirudia popote? Na huo mchoro unatuna kutwa nzima au kwa saa fulani tu? Na masikio yako, uliwahi kuyatoboa? Yalipona vipi? Nijibu hilo la masikio bila kusahau.

Usiukune. Na mtu asiuguse mpaka nijue.

Shangazi yako,
Verediana


Mwanjelwa, Mbeya
2 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Nakula vizuri, usihofu, jana nimepika ndizi na maharage. Poleni na mvua, nasikia huko zimezidi.

Shangazi, wewe ni mpelelezi! Nilikwenda kwa Anania nikamwuliza. Akafikiri, halafu akajipiga kofi kwenye paja. Alipofika kwenye G umeme ulikatika. Tulikaa tukingoja, mkono ukavimba. Umeme uliporudi hakuona vizuri alipoishia, akarudia G, akakandamiza, akamalizia W na E juu ya ngozi iliyokwisha vimba. Kumbe! Yaani herufi tatu zimesimama kwa sababu ya kukatika umeme. Ua nalo alilijaza wino mwekundu kwa kupita na kupita. Linapanda zaidi mchana wa jua, na nikifua nguo nyingi. Jioni linashuka kidogo, lakini halilali.

Kuhusu masikio: hayajatobolewa, hujawahi kuona? Mama alikataa katakata. Nilimlilia nikiwa darasa la tatu, wenzangu wote wana hereni. Alisema, "Kwa ngozi ya ukoo wa baba yako, hapana." Nilipomwuliza ukoo wa baba una nini, akaniambia nikachote maji.

Sasa, shangazi, nina habari nzito. Tangazo la kuomba kazi ya polisi limetoka. Unajua nilivyolitamani hili tangu naruka kamba. Sifa zote ninazo, ila wameandika mwombaji asiwe na mchoro wowote mwilini. Nilisoma pale pale dukani nikalia mbele ya mteja. Anania anasema ana dawa ya kudondoshea, inachoma tatuu, ngozi inatoka na wino wake. Jumamosi tarehe 20 nakwenda. Naumia kufuta jina la mama, lakini yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunipigia saluti nikiwa mtoto. Nadhani angenielewa. Niombee.

Mwanao,
Sekela


Tosamaganga
12 Aprili 2024

Sekela,

Salamu baadaye. Hujambo, sijambo, yatosha.

Usiende kwa Anania. Nakuomba kwa jina la huyo huyo aliyeandikwa mkononi mwako, usiende.

Umewahi kunishangaa kwa nini sitoki bila kilemba, hata kwenye joto, hata siku ya harusi ya baba yako? Nilipokaribia kipaimara walinitoboa masikio nyumbani, kwa mwiba na uzi. La kulia lilipona vizuri. La kushoto likaota kinundu kama punje ya mtama. Wazee wakasema ni kijicho. Wakakifunga kwa unywele wa mkia wa ng'ombe ili kinyauke. Kikaanguka, tukashangilia. Kikarudi kama harage. Nikaenda kwa bwana mmoja wa dawa za kuchoma, akachoma. Kikarudi kama ndimu. Nikakatwa kwa mkasi, nikashonwa, nikaambiwa nimepona. Leo ni pera, Sekela. Linaning'inia begani mwangu, nikilala ubavu linaniuma.

Na sikio la kulia, unajua, halisikii tangu surua ya utotoni. Linalosikia ni hilo hilo la kushoto. Simu nikiiweka inagandamiza uvimbe, nasikia maumivu kabla ya kusikia mtu. Siyo kwamba siwapendi. Naona haya kusema, basi naacha iite.

Mama yako ndiye pekee niliyemwonyesha. Alikuja kuolewa kwetu, wiki ya kwanza tu akanifungua kilemba, akatazama, hakutema mate, hakupiga kelele. Akanishonea vilemba vipana. Wewe ulipozaliwa akaniapia kwamba sindano haitagusa masikio yako. Ndiyo maana alikutuma maji.

Ngozi yetu ni hiyo. Ukiichokoza inajenga, ukiibomoa inajenga zaidi. Herufi zako zimetuna ndani ya mstari wake, zishukuru. Kazi najua unaitaka, na nafsi inaniuma kukwambia hivi.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Ikifika, kaa nyumbani.

Shangazi yako


Mwanjelwa, Mbeya
27 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wangu. Mwili hauna homa, ila moyo ulikuwa umelala chini.

Barua yako ilisahaulika ofisi ya basi. Niliipata Jumatatu, na Jumamosi nilikwishakwenda. Bahati yangu ni kwamba Anania ni mwoga. Alisema, "Dada, tujaribu jani moja la ua kwanza." Akadondosha. Shangazi, niliruka. Ngozi ikatoka nyeupe, ikapona polepole, halafu ikaanza kupanda. Sasa hapo pana kinundu kama harage, na kimevuka mstari wa ua, kinatambaa kwenye ngozi ambayo haikuguswa na sindano wala dawa. Niliposoma habari za sikio lako nikakaa sakafuni.

Maombi ya polisi sikupeleka. Muda umekwisha. Nimelia, nimeacha kulia.

Halafu nikakumbuka bado hatujajibiwa swali letu. Nikaenda hospitali, nikamwona daktari wa ngozi, anaitwa Magesa, mpole. Nikamweleza yote, mpaka chale za mzee Isihaka. Alivua miwani akacheka, akasema anaisalimu kwaya yako. Anasema hakuna sababu moja. Kuna wino ambao mwili haukubali, hasa mwekundu, basi ngozi inapigana nao miaka. Ndilo ua langu. Kuna pale sindano ilipokwenda chini mno au ilipita mara mbili. Hapo ngozi hujaza kovu nene, lakini halitoki nje ya jeraha. Ndizo G, W na E. Halafu kuna ngozi isiyojua kuacha kujenga, inavuka mpaka wa jeraha. Hiyo huenda kwa ukoo, na wanaiita keloidi. Ndilo jani lililochomwa, na ndilo sikio lako. Siyo kijicho, shangazi. Na mama haniiti.

Nilimwuliza kuhusu "mtu ninayemfahamu". Anasema kukata peke yake ndiko kunakorudisha uvimbe. Wao hukata, kisha huchoma sindano za kufanya kovu linywee, mwezi hadi mwezi, wakilivizia. Hakuahidi. Amesema uvimbe unaweza kurudi, lakini kwa wagonjwa wake wengi umetulia.

Mimi naanza sindano za kile kinundu mwezi ujao. Jina siligusi tena. Njoo, twende wote. Najua unaona haya kufungua kilemba mbele ya mgeni. Ukiogopa shika mkono wangu, hata ukifumba macho utamkuta wifi yako hapo.

Mwanao anayekusubiri stendi,
Sekela


Tosamaganga
20 Septemba 2024

Kamwene mwanangu,

Nimefika salama, magoti yamezoea tena mlima wetu. Asante kwa kunitunza miezi ile yote. Na harage lako, limeendelea kunywea? Baba yako aliponisindikiza stendi aliniambia amekwisha kuuona mkono, na kwamba aliomba aguse. Hakuniambia zaidi, na mimi sikumdodosa. Unaona nimebadilika.

Sikio linawasha kidogo lakini limelala. Sindano zilizobaki nitamalizia hapa. Daktari kasema nisijisifu mapema, nami sijisifu, ila kila asubuhi nalipapasa kama mtu aliyeficha andazi. Jumapili nilikwenda misa bila kilemba. Kwaya wakanikodolea, kisha wakasema ni zamu yao kunikagua. Mwanakhamisi amenipa mtandio mwembamba wa kutupia begani tu.

Unajua siku ile wakati wananikata, ganzi ilikuwa sikioni tu, woga haukupigwa ganzi. Nilifumba macho nikashika mkono wako. Nikapapasa, nikakuta G, nikakuta W, nikakuta E. Nikarudia tena na tena mpaka yule muuguzi akasema tumemaliza, mama. Asante Mungu kwa umeme uliokatika.

Sitaandika sana, vidole vimechoka na yaliyobaki ni mengi mno kwa karatasi. Jumapili baada ya misa nipigie simu. Nitapokea.

Shangazi yako,
Verediana