Wanaandika Maji Yakielekea Migombani

Mdogo wangu Mwakio,

Nakusalimu kutoka Mboghoni, nyumbani kwa dada yetu Wakesho. Jua ni kali, lakini mifereji imejaa. Wewe nami tumekuwa na hofu kwa sababu hajamtaja marehemu mumewe tangu tumzike. Basi soma nilichokiona leo asubuhi.

Wanawake wa hapa hupokezana zamu za maji. Mwenye zamu akiyafungulia maji shambani mwake, wenzake huketi naye ukingoni na madaftari yao, nao wote huandika bila kuinua kalamu mpaka maji yafike kwenye migomba ya mwisho. Ndilo zoezi lao.

"Leo ni kwa Wakesho, na shamba lake refu," mmoja alilalamika. "Tutatoka hapa na vitabu."

Nilipotoa kalamu nyekundu, jirani yake akaniambia, "Mwalimu, irudishe mfukoni. Hapa hatusahihishi."

Niliirudisha. Maji yalipofika, Wakesho alisoma aliyoyaandika: jinsi mumewe alivyokuwa akiyafuata maji hayo, akiyafokea kama mbuzi watoro. Wenzake walicheka, naye akacheka, kisha akasoma hadi mwisho kwa sauti isiyotetemeka. Nimefundisha insha miaka mingi, nami sijasikia iliyo bora kuliko ile.

Mchana alitupikia ndizi na maharagwe, akaniuliza, "Kaka, unakumbuka alivyopenda ukoko?" Nikamwomba anisimulie.

Mungu awatunze wewe na wanao huko Voi. Ukija, mwulize habari za mumewe. Sasa anajibu.

Kaka yako akupendaye,
Mwanjala