Darasa la Jumatano la Mama Rudia

Mwanangu, hivi unajua ni Jumatano ngapi nimelala kwenye kitanda chako cha mazoezi tangu ulipotuacha? Arobaini na tisa. Zingezidi kama si yale mafua yangu.

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile uliyoinama kufunga kamba za viatu vya kazi na hukuinuka tena. Cha kushoto ulikuwa umeshafunga. Cha kulia nilikufungia mimi.

Manesi walikuita Mama Rudia wakidhani hujui. Ulijua. Ulikuwa msimamizi wa nyumba nzima ya kutunzia wazee, wakazi thelathini na wanne, lakini kila Jumatano saa nane mchana uliiacha ofisi, ukaingia chumba cha kufulia, ukazima mashine, ukaanza darasa. "Chuoni mlifundishwa wagonjwa wa mwaka ule," uliwaambia. "Wa leo je?" Hata wenye mvi kukuzidi walikaa juu ya vikapu vya mashuka wakaandika. Nawe ulikuwa mwanafunzi. Mara mbili kwa mwaka ulikwenda kusomea usimamizi, ukarudi na daftari limejaa, ukatusomea mezani mpaka chai ikapoa.

Mgonjwa wa mazoezi, kwenye kitanda ulichokiweka humo humo, nilikuwa mimi. Shule niliishia ya msingi, ila kulala najua. Uliwaonyesha namna ya kumgeuza mzee kila baada ya masaa mawili ili mgongo usifanye vidonda: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, mto katikati ya magoti, shuka lisibaki na mkunjo hata mmoja. Aliyekosea ulimwambia, "Rudia." Aliyepatia ulimwambia, "Vizuri. Rudia."

Tulicheka pia. Kuna siku nilipitiwa na usingizi pale kitandani, nesi mgeni akanisukuma hadi chumba namba tisa, akanivisha gauni la wazee, akaandika kwenye faili: "Anadai ni mama wa msimamizi." Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Kisha ukafuta machozi, na Jumatano iliyofuata likawa somo. "Mzee akikwambia yeye ni nani, mwamini kwanza, halafu ndio uulize."

Ulipoondoka, darasa lilinyamaza. Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikwenda hivyo hivyo, nikavua viatu, nikapanda kitandani. Mfuaji akazima mashine yake.

"Bibi, inuka. Darasa lilikwenda na mwenyewe."

"Mimi sijaambiwa," nikamjibu. "Nitalala hapa mpaka nigeuzwe."

Masaa mawili yakaisha. Nikawa naona vichwa vya manesi vikichungulia mlangoni.

"Tumwache, atachoka mwenyewe."

"Tumwache vipi na muda umeshapita? Unataka mgongo wa bibi wa watu uchubuke mikononi mwetu?"

Wakaingia watatu, wakanigeuza. Mto wakausahau. Binti yako, ambaye ni nesi pale pale, alikuwa amesimama nyuma yao na trei ya dawa. Akaiweka chini. "Na magoti yake je? Mrudisheni, muanze upya." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeliongoza darasa, na hakuna nesi wako hata mmoja ambaye leseni yake imekwama kwa kukosa masaa ya mafunzo.

Lakini mwanangu, sikufichi. Kiti chako bado kiko wazi, na kamati inachagua msimamizi Ijumaa hii. Wana bwana mmoja, mpole, ana salamu nzuri. Alitembezwa nyumba nzima, akafika chumba cha kufulia, akaniangalia nilivyolala, akasema darasa la nini, kila nesi apewe karatasi akasome kwake, aweke sahihi, yaishe. Nilitamani uwepo umjibu. Ungemwambia karatasi haina mgongo unaouma.

Anayeweza kumzuia ni mtu wa humo humo ndani mwenye masomo ya usimamizi, na mwenye masomo hayo ni binti yako peke yake. Ameyamaliza mwezi uliopita, kwa madaftari yako. Kila anayemwambia aombe anajibiwa, "Mimi ni nesi tu, msinitafutie makubwa." Baba yake kamwambia. Manesi wamemwambia. Mimi sikumwambia kitu. Nililala, nikageuzwa, nikasubiri.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako. Mumeo seremala, ambaye kila mwisho wa mwezi huja kukaza miguu ya kitanda kile. Kaka yako dereva, ambaye hadi leo akipita na gari pale getini hupiga honi mara mbili. Mfuaji na manesi wote wa Jumatano. Wazee wako wa vyumba vyote. Na binti yako. Hatutakusahau, si mwaka huu wala mwaka wowote.

Jana nilimuuliza huyu binti yako niandike nini juu yake kwenye kumbukumbu hii. Alikuwa anakunja mashuka. Akakunja matatu. La nne akalishika tu mkononi.

"Bibi, andika kwamba kiti cha mama nakitaka. Nilikitaka hata yeye akiwepo, nikaona aibu kusema. Nakitaka. Barua nimeshaiandika, kesho asubuhi naipeleka."